Nilivyofutwa Kazi Ambayo Sikuomba

Leo sokoni Otonglo nimeaibishwa na mteja wangu wa kwanza maishani!

Ngoja niwaambie.

Miaka ya tisini, nikisomea sheria, nilijifunza kazi kwa wakili mmoja hapa Kisumu. Mama Atieno, huyo mteja wangu, alikuwa amefutwa kazi kwenye kiwanda cha samaki kwa sababu tu aliomba glavu. Nikatumwa nimwambie meneja kwamba sheria hairuhusu kumfukuza mtu kwa kulalamika.

Askari wa geti hakunisikiza. Aliona kijana, akadhani natafuta kazi, akanisukuma kwa vibarua.

Kabla sijajieleza, nimevaa gambuti, nimebeba samaki aina ya mbuta, mkubwa kama mtoto wa nasari!

Nikauliza, "Na glavu je?"

Meneja akafoka, "Wewe pia, toka! Umefutwa!"

Nikarudi ofisini nanuka samaki. Wakili akapiga meza kwa furaha: "Sasa Mama Atieno ana shahidi!"

Na kweli, akarudishwa kazini, na glavu akapewa juu yake.

Siku hizi anauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Leo amenifungia ya bure, halafu akauliza kwa sauti, kila mtu asikie:

"Wakili, mimi walinirudisha. Wewe bado hawajakuita?"

Soko zima likacheka. Nisaidieni jibu jamani, omena nishakula.