Asma wa Mafundo

Karoli alirudi kwao kutoka Tanzania akiwa mkulima. Alipata shamba Gatete, kando ya ziwa, na miaka miwili baadaye ziwa likapanda, likalimeza. Ndipo akaja Rumonge kuomba kazi kwa Jean Bosco, mwenye mitumbwi, naye akamwambia aanze kwa Asma.

Asma alikuwa mjane, mshona nyavu kama baba yake. Kila mvuvi mpya alipita mikononi mwake. Mitumbwi ya kuvua ndagala, dagaa wa ziwa hilo, huunganishwa miwili miwili kwa miti, na miti hiyo hushikwa na kamba tu.

"Umerudilia mukono ule ule," alimwambia Karoli siku ya kwanza. "Kuume juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kuume. La sivyo fundo itateleza. Na mukia usiikate karibu. Nailoni ikilowa inakimbia."

Wengi huchoka baada ya siku mbili. Karoli alikuja wiki tatu, akifunga na kufungua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mwishowe Asma alikanyaga mti, akalivuta fundo lake kwa nguvu zote. Halikusogea.

"Iko muzuri," alisema. Hakuwa mtu wa kusifu.

Kilichomkera Asma ni kamba yenyewe, ile ile iliyofunga mitumbwi ya Jean Bosco. Jua lilikuwa limeila, ukiisugua inatoa unga. Alimwendea Jean Bosco.

"Hii kamba imekufa."

"Mama Asma, wewe fundisha mafundo."

Alhamisi asubuhi, wiki ya kwanza ya Karoli kazini, upepo uliikuta mitumbwi ikirudi. Ile ya Karoli iliachana mbele ya macho ya wanawake waliokuwa wakianika ndagala. Wenzake walikamata miti, wakaelea. Yeye hakujua kuogelea.

Mti mmoja ulipovutwa nchi kavu, Asma alipiga magoti akaukagua. Mafundo yote yalikuwepo, yamekazwa, mikia yake imeachwa mirefu. Kamba ndiyo iliyokatika, katikati.

Kezia, mke wa Karoli, alisimama nyuma yake.

"Ulimufundisha vizuri?"

"Nilimufundisha vizuri, mwanangu. Angalia."

Kezia hakuangalia.

Jumatatu walikuja wanaume wawili kutoka Gitaza, wakitafuta nafasi ya Karoli. Jean Bosco alikuwa amewapa kamba ya kujifunzia, iliyokatwa kwenye bunda la ile kamba iliyokatika. Asma aliisugua, ikatoa unga. Safari hii hakwenda kulalamika. Aliwaonyesha mahali pa kukaa, akamgawia kila mmoja kipande chake, wakaanza.