Mayai Mekundu ya Kaohsiung

Mume wangu alinifundisha kisiwa chake kwa barua. Alikuwa baharia, na meli yake kuukuu ilipofika bandari ya Kaohsiung, kisiwani Taiwan, ikauzwa ili ikatwe chuma. Wenzake walirudi makwao, yeye akapata kazi pale pale ya kukata meli. "Nikipata nyumba nitakuita," aliniandikia. Mimi nilikuwa Maskati kwa mama yake. Nilitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na mabunda mawili ya nguo, na Kiarabu changu kilichekwa kila nikifungua mdomo sokoni. Unguja ilikuwa imenitoka, Maskati hapajanizoea. Nikaamua kisiwa kile, nisichokijua hata rangi ya udongo wake, ndicho kitakachokuwa kwetu.

Basi nikajifunza. Mama mkwe hakujua kusoma, kwa hiyo kila barua nilimsomea kwa sauti, tumekaa mkekani baada ya sala ya alasiri. Tukajua kuwa watu wa kule huvua viatu mlangoni kama sisi, na asubuhi ndara zao za mbao hugonga barabara nzima. Tukajua wanatafuna tambuu na kutema mate mekundu kila pembe. Mama mkwe akafurahi, akasema hao basi ni watu. Tukajua kila nyumba ina meza ya wazee waliokufa, wanawekewa chakula na kufukiziwa ubani. Hapo akasema astaghfirullah, kisha akaniambia niendelee. Jikoni nilijizoeza kula wali kwa njiti mbili za mshikaki, majirani wakanicheka mpaka machozi yakawatoka. "Mchina wetu, leo kisiwani kumepikwa nini?" Nami nikiwajibu kwa maringo, maana nilikuwa najua.

Barua niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya uzazi. Mzazi kule hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, haoshi nywele, analishwa kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta. Mwezi ukitimia, baba wa mtoto huchemsha mayai, huyatia rangi nyekundu, akayapeleka nyumba kwa nyumba ili majirani wajue amepata mtoto. Mama mkwe akasema arobaini yetu inawashinda kwa siku kumi. Tukacheka. Usiku ule na nyingine nyingi nilijiona nimelala ndani ya harufu ya tangawizi, na yeye yuko nje anabisha milango na kikapu chake.

Mwaka wa sitini na nane akaja baharia mmoja wa Sidab, kijiji cha jirani, aliyepita Kaohsiung, kuleta salamu. Nilikuwa kisimani, niliporudi nilimkuta anaaga. Siku ya pili mama mkwe akanipa kitambaa cheupe, nishone kofia ya viua ya kitoto.

"Mkewe yule baharia mja mzito," akasema. "Tumtunze, mwanangu. Mie macho yangu hayaoni tena vitundu."

Nilishona wiki tatu, kitundu baada ya kitundu, na sikuacha kumwombea dua huyo mtoto wa watu. Mstari wa mwisho uzi mweupe ukaniishia. Nilitafuta hadi sokoni Matrah nisipate wa aina ile, nikamalizia ukingo kwa uzi mweusi. Mama mkwe akasema haidhuru. Baharia alipopita kabla ya kurudi melini, akampa kofia.

Miezi ikapita, kisha ikaja barua yenye picha ndani. Mume wangu aliandika kuwa rafiki yake wa kazini kapata mtoto, mwezi umetimia, naye amehudhuria karamu. "Picha hii muonyeshe mama," akamalizia.

Niliitazama kwanza mimi. Mume wangu kasimama kwenye mlango wa jirani, kikapu mkononi, anamkabidhi bibi mmoja mayai. Picha haikuwa ya rangi, mayai yalionekana meusi, lakini mimi nilijua ni mekundu. Nilijua pia kuwa mgeni wa karamu hagawi mayai. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, akasahau kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nyuma yake alisimama msichana amebeba mtoto. Mtoto amevaa kofia ya viua, na ukingo wake ni mweusi.

Mama mkwe alikuwa mkekani, ananisubiri.

"Anasemaje, mwanangu?"

Nilimsomea barua yote, tangu bismillahi, sikuruka neno. Nilikuwa na hasira, na aliyenichoma zaidi alikuwa yeye, mama mkwe. Mume wangu alikuwa mbali, huenda nilishaanza kumzoea kama mtu wa kwenye karatasi. Huyu nilimpikia, nilimsuka nywele, nilimkanda miguu, naye akanikalisha wiki tatu nimshonee mtoto wa mke mwenzangu. Na mwanawe, kwa kukosa msomaji mwingine, amenifanya mimi ndiye mleta habari.

Nikamwekea picha mapajani. Sikuwa nimemwambia ni picha ya nani. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho yake mabovu, na tayari alikuwa anatabasamu.

"Kofia imemkaa, mama," nikamwambia.

Tabasamu likamkauka.

"Nlitaka akwambie mwenyewe," akasema.

Picha hakuiweka chini.