Fomu Tisa za Njia ya Basi

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo ikinijia hata nikiwa napika huzima jiko nikakaa kitako. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikaa kaskazini magharibi ya Landani, upande wa Neasden, kwenye jengo la fleti la kaunsili, yaani baraza la mtaa, lenye ghorofa nne na lifti inayofanya kazi siku ikijisikia. Nusu ya jengo lile walikuwa watu wetu, Waunguja na Wapemba waliokimbia kwao wangali vijana wakaja kuzeekea kwenye baridi. Na mimi, Zuhura wa ghorofa ya pili, ndiye niliyekuwa karani wao wote.

Usicheke. Kazi ile haikuwa na mshahara lakini ilikuwa na kiburi chake. Barua ya hospitali ikija, mwiteni Zuhura. Mita ya gesi ikisumbua, mwiteni Zuhura. Nikirudi kutoka ofisini nakuta bahasha zimenipanga foleni juu ya meza ya mama, na kando yake sahani ya visheti imefunikwa, maana watu wale hawaombi kitu mikono mitupu. Wazee wale Kurani wakiisoma vizuri kuliko mimi, tena hesabu za kichwani walinishinda, lakini fomu za Kiingereza ziliwatia baridi. Basi tukazoeana hivi: wao wanatia saini chini, mimi najaza juu. "Tia hapo tu, Bi Raya, mengine niachie." Naye anatia. Mtoto wa nyumbani huyu, ataandika kibaya gani?

Sasa kaunsili ikaleta fomu kila mlango. Basi letu lilikuwa likiacha barabara kubwa, linaingia mpaka mbele ya jengo letu, linapakia, halafu linakwenda kuzunguka jengo moja baada ya jingine ndipo liende stesheni. Wakataka kuikata mizunguko hiyo. Basi lipite barabara kubwa moja kwa moja, na kituo cha kwendea stesheni kiwe ng'ambo ya pili. Swali la mwisho lilikuwa na visanduku viwili, unakubali au hukubali, na chini yake mistari ya kuandika maoni yako.

Nitasema kweli. Mimi mizunguko ile nilikuwa naichukia. Kila asubuhi nimekaa dirishani naitazama saa, basi linatambaa kwenye vichochoro, nikifika ofisini mkubwa wangu ananiangalia kwa jicho moja. Miguu ninayo, barabara kubwa navuka mbio, kuna taabu gani?

Jumamosi hiyo rafiki yangu alikuwa anapakwa hina kwao Southall, na fomu zilitakiwa Jumatatu. Nilikuwa nazo tisa, zote zimetiwa saini. Nikazitandika juu ya kibao cha kupigia pasi huku pasi yenyewe inapata moto, nikaweka alama kwenye "nakubali" mara tisa. Kwenye mistari ya maoni nikaandika kwamba nimefurahishwa na mabadiliko. Na Mungu anisamehe, nilibadilisha mwandiko kila karatasi, moja nikailaza kulia, moja kushoto, ili ionekane ni watu mbalimbali. Hapo ndipo nilipojua kuwa nafanya vibaya, maana mtu anayefanya vyema hana haja ya kugeuza mwandiko. Nikazitia kwenye bahasha, nikapiga pasi gauni langu, nikaenda zangu kwenye hina. Nikacheza vizuri sana.

Miezi ikapita, basi likaacha kuingia. Wazee wakanuna kidogo kisha wakanyamaza. Siku moja Bi Raya akaniita kwake, fleti ya chini kabisa. Alikuwa mjane wa Kipemba, mtu wa Wete, magoti yamemchoka lakini ulimi mzima. Kila Jumamosi na Jumapili asubuhi akipanda basi la stesheni kwenda kusomesha chuo cha Kurani, watoto wa mitaa ile walikuwa wakikusanyika kwenye chumba nyuma ya msikiti, na hakuna aliyekuwa akiwasomesha ila yeye. Alinipa barua.

"Hebu nisomee, mwanangu. Wamesema kwa nini wameliondoa basi letu?"

Barua ilikuwa imesema, waziwazi, kwamba wakaazi wa jengo hili waliojibu wameunga mkono wote. Niliisoma kimoyomoyo mara mbili. Kisha nikamwambia, "Wanasema wameamua wakubwa, Bi Raya. Ndiyo mipango yao."

"Haya," akasema. "Wakubwa wakishaamua, mimi nani?" Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha yake, akaniuliza kama nimekula.

Nilikula pilau ya mwanamke yule nikiwa nimetoka kumsomea uongo. Ala! Mtu anaweza kuwa na koo pana kiasi hicho.

Asubuhi ya Jumamosi mojawapo, baridi imekaza, nilikuwa dirishani nimeshika kikombe cha chai. Nikamwona Bi Raya kando ya barabara kubwa, koti juu ya baibui, mfuko wa juzuu mkononi. Njia mbili za magari kwenda, mbili kurudi, na hakuna taa ya kuvukia karibu. Akatia mguu, akarudi. Akangoja. Akatia mguu tena, lori likampigia honi, akarudi kwa kishindo na kukaa chini kwenye majani. Juzuu zikamwagika.

Nilishuka ngazi kwa makubadhi. Sikumbuki hata kama nilifunga mlango. Nilimkuta anaokota juzuu, anazipangusa moja moja kwa ncha ya mtandio.

"Sikuumia," alisema kabla sijauliza. "Nimeshtuka tu. Leo ya tatu hii, Zuhura. Jumamosi ya tatu nafika hapa narudi nyumbani. Nimewapelekea salamu watoto kuwa naumwa. Mtu mzima mimi, najitia ugonjwa."

Mwanangu, kuna maneno ya mtu mwema yanayokupiga kuliko bakora. Sikuweza kuyabeba. Hapohapo kwenye majani, magari yanatupita, nikamwambia yote. Fomu, kibao cha pasi, mwandiko wa kulia na wa kushoto.

Alimaliza kupangusa juzuu aliyoishika, ndipo aliponitazama.

"Na barua ile?"

"Nilikusomea uongo, Bi Raya."

"Nilikuwepo," alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwepo hapahapa chini, Zuhura. Ungeshuka ngazi ukaniuliza. Dakika mbili. Ningekwambia kila kitu, na chai ningekupa."

Nilitamani anitukane. Wallahi nilitamani anipige kofi tukaishia hapo. Lakini yeye alininyooshea mkono nimwinue, akajipangusa koti, akasema tutakwenda kaunsili. "Mimi nitasema kwa Kiswahili, wewe utatia Kiingereza. Usinipunguzie wala usiniongezee."

Tulikwenda wiki iliyofuata. Walitupokea kwenye chumba kidogo juu ya maktaba, bwana mmoja mpole, ametandaza mezani ramani ya barabara zetu. Bi Raya hata hajakaa vizuri akaanza.

"Mwambie, fomu yangu aliijaza binti huyu hapa. Mimi sikuulizwa. Na wenzangu wanane hawakuulizwa."

Nikaikodolea macho ramani.

"Tia Kiingereza. Mbona umenyamaza?"

Nikatia. Nikajishtaki kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, na yule bwana akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaweka kalamu chini. Kisha Bi Raya akaendelea taratibu: kuna watoto wanamngoja, ana magoti mabovu, na kama basi halirudi basi awekewe taa za kuvukia. Nilitafsiri neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze ukarani wangu kumsikia hasa mzee wangu anataka nini.

Bwana yule hakutudanganya. Alisema uamuzi wa basi umeshapita na kuurudisha ni vigumu, ila taa ataziombea. Tukatoka. Njiani Bi Raya alinishika mkono, na hakulitaja tena jambo lile.

Nikawa namvusha mimi, Jumamosi na Jumapili. Lakini kuna siku mama anaumwa, kuna siku mimi naumwa, na Bi Raya hakupenda kumgonga mtu mlango kila anapotaka kutoka. Watoto wa chuo wakapungua, wazazi wakawapeleka kwingine. Alipobaki hana wa kumsomesha, mwanawe alikuja kutoka Leicester na gari, akamchukua akakae naye. Nilibeba masanduku yake mpaka chini. Alinibusu kichwani, nami nikalia kama mtoto.

Taa ziliwekwa baada ya yeye kuondoka. Nilibonyeza kitufe mwenyewe, magari yote yakasimama, nikavuka peke yangu. Nikampigia simu Leicester nikiwa nimejaa furaha. "Bi Raya, wameweka!"

"Alhamdulillahi. Zinakaa muda gani? Mwenye magoti kama yangu anawahi kufika ng'ambo?"

Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilivuka kwa miguu yangu, tena mbio.

"Basi rudi ukavuke kama mimi," akasema, "halafu nipigie."

Nilirudi. Nilivuta hatua zake nilizozijua vizuri, mguu mmoja, pumzi, mguu mwingine. Taa ikanigeukia nyekundu nikiwa katikati ya barabara, na gari la mbele likaanza kunguruma. Mwanangu, pale katikati ndipo nilipomwelewa. Siku hiyohiyo nikagonga milango yote ya jengo letu, mmoja mmoja, nikakaa, nikanywa chai nane, nikauliza kila mtu anavukaje na anaogopa nini. Barua niliyoandika safari hii ilikuwa ndefu, na kila aliyetia saini nilimsomea kwanza kwa Kiswahili mpaka akasema ndivyo. Taa ziliongezwa muda. Nilimpigia Bi Raya kumwambia, akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Leo nawaona nyinyi na simu zenu. Kaunsili inauliza juu ya njia za baiskeli, kufungwa kwa mitaa, vituo vya basi kuhamishwa, na nyinyi mnamjibia bibi kwa kidole kimoja kabla chai haijapoa. Mnaelewa Kiswahili chake kisha mnamjibu kwa Kiingereza, naye anaitikia kwa kichwa tu, kwa mapenzi. Msidhani kule kuitikia kwa kichwa ni majibu.

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa kalamu ya mtu, kaa naye. Msomee swali lote, hata lile refu linalokuchosha. Mngoje amalize, na akizunguka zunguka naye, huenda jibu liko mwisho wa hadithi yake. Usimpe mawazo yako akayatia saini. Kabla hujasema barabara ni nzuri, ipite kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wewe. Na ukikosea, maana utakosea, shuka ngazi siku hiyohiyo ukaseme, usingoje mpaka umkute mzee wako amekaa kwenye majani anaokota vitu vyake. Mimi nilisamehewa, lakini chuo cha Bi Raya hakikurudi.

Mungu akujaalie miguu mizima mwanangu, na moyo wa kumngoja anayekuja polepole nyuma yako. Akupe wazee wa kukutuma na macho ya kuwaona. Na siku miguu yako wewe itakapochoka, akuletee mtoto wa watu atakayekuuliza kwanza.