Barua ya Mchochea Moto

Kwetu Lushoto tulikua tukijua kwamba babu, baba mzaa baba yangu, alikufa maji. Kazi yake ilikuwa kuchochea makaa kwenye boti ya mvuke ya mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, boti ya matembezi tu, na ilizama nje ya Pangani. Bibi hakupata maiti ya kuzika.

Nilipostaafu ualimu nikaanza kuitafuta habari ya boti hiyo. Mwaka wa kwanza sikupata kitu. Wa pili, mtunza nyaraka mmoja kule Tanga aliniletea faili la ajali za baharini, limeliwa na mende pembeni. Ndani palikuwa na orodha ya mabaharia. Jina la babu lilikuwa la tano, limekatwa kwa wino mwekundu, na mbele yake pameandikwa kwamba aliteremshwa Pangani kwa sababu ya homa, siku moja kabla ya boti kuzama.

Nikafunua ukurasa. Palikuwa na barua ya Kiswahili, kwa penseli, ambayo babu aliandikiwa na mtu hospitalini. Alimwomba tajiri wake ampelekee mkewe habari kwamba ni mgonjwa, aje amchukue. Tajiri alikuwa amekwisha zama na boti yake, na barua ikafungiwa humo humo. Karatasi ya mwisho ilisema mgonjwa alifariki wiki tatu baada ya barua hiyo.

Nikampelekea nakala shangazi, mtoto pekee wa babu aliye hai. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamwamkia, nikamsomea. Akataka nirudie, safari hii kwa Kishambaa.

“Wiki tatu,” akasema. “Mama angefika hata kwa miguu.”

Akauliza kama imeandikwa nani aliyemzika. Nikamwambia haikuandikwa. Akaendelea kumenya. Nilipoaga alinitaka nisimwambie mtu; atawaambia ndugu zangu mwenyewe.

Aliwaambia Jumapili, nje ya kanisa, kwa maneno machache. Wengine walilia. Mdogo wangu alikasirika, akauliza faida ya kufukua mambo hayo ni nini. Mchungaji, aliyekuwa amesimama nasi, akamuuliza shangazi kama angependa ibada ya kumbukumbu.

“Hapana, mchungaji,” akasema shangazi. “Ya mazishi.”