Ahadi ya Itto Siku ya Soko

Itto alikuwa mfumaji wa mazulia kijijini kwetu, huku milimani, mwanamke wa miaka arobaini ambaye hakuwahi kuolewa. Kaka yake na wifi yake walipofariki, gari lilipoporomoka katika barabara ya sokoni, aliwachukua watoto wao wawili: Tuda wa miaka minane, na Idder ambaye bado alibebwa mgongoni.

Sisi watu wazima tulimwambia Tuda kwamba wazazi wake wamekwenda Casablanca kutafuta kazi. Tulidhani tunamhurumia. Kwa wiki tatu alikaa kwenye kona ya barabara akikagua kila gari, mpaka mtoto wa jirani, aliyegombana naye juu ya kamba ya kurukia, alipomropokea: "Ngoja tu, mjinga wewe. Wako makaburini." Tangu siku hiyo hakuamini neno la mtu. Akiambiwa supu imepoa, alimtaka msemaji ainywe kwanza.

Itto alimpeleka makaburini, akamwonyesha mawe mawili.

"Tulikudanganya, mwanangu, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Sitakudanganya tena, hata kwa jambo dogo."

Tuda alitangulia kurudi nyumbani.

Alhamisi, siku ya soko, Itto alilazimika kwenda kuuza zulia. Alimwahidi Tuda kwamba atarudi kabla ya jua kuzama. Zulia liliuzika, lakini wakati wa kurudi mafuriko yalikuwa yamebomoa daraja la mtoni, na dereva akawashauri abiria warudi walale sokoni. Itto alisema amemwahidi mtoto, akashuka, akavua viatu.

"Dada Itto, mto huu haujui ahadi zako," dereva alimtania.

"Haujui. Tuda anazijua."

Alivukia upande wa juu wa mto, mahali wachungaji wanapovushia mbuzi. Kiatu kimoja kilichukuliwa na maji. Alipanda mlima kwa saa tatu, akafika giza likiingia. Tuda alikuwa amesimama mlangoni, Idder mgongoni.

"Umechelewa, Shangazi."

"Nimechelewa. Daraja limevunjika. Nimekuja kwa miguu."

Mtoto aliutazama mguu uliochubuka, akaenda kuleta maji ya moto. Aliuosha, akichunguza kila mkwaruzo. Kisha akauliza kama Alhamisi ijayo atakwenda tena.

"Daraja likitengenezwa, nitakwenda."

Tuda alifikiri. Tangu msiba ule hakuwa amemwomba mtu kitu chochote.

"Basi niletee penseli," alisema. "Nyekundu. Lakini isiwe yenye kifutio. Vile vifutio vyao vinachafua daftari."