Viatu Nilivyompelekea Wambui Jukwaani

Aibu hii ni yangu mwenyewe, simsingizii mtu wala shetani, na nikiisimulia leo ni kwa sababu kule Ruiru inasimuliwa tayari, tena kwa vicheko, basi afadhali mwisikie kwangu mimi niliyeifanya.

Nilikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda kimoja hapa Thika hadi nilipostaafu, yaani kazi yangu ilikuwa kutafuta uzi uliopinda, na labda ndiyo maana mjukuu wangu Wambui alipoanza kujifunza kucheza baleti katika ukumbi wa kanisa letu kule Ruiru, mimi mzee mzima niliipenda kuliko yeye. Kila Jumamosi nilimpeleka, nikaketi kwenye benchi la wazazi na kubishana na Mama Shiko, ambaye binti yake alikuwa darasa moja na Wambui. Mimi nilishikilia ile ya zamani: mguu umenyooka kama rula, viatu vya rangi ya waridi vyenye ncha ngumu, msichana anasimama juu ya vidole vya miguu kama hana uzito. Mama Shiko alipenda ile ya kisasa, ya miguu mitupu.

"Mzee Kamau, hiyo yako ni keki ya harusi," alikuwa akiniambia. "Inapendeza macho tu. Kwa hii ya kisasa mtu anacheza vile anavyoumia."

"Kugaagaa sakafuni ndiko kucheza? Hata punda hugaagaa, na sijaona anayempigia makofi."

Basi mwaka huu mwalimu wao akatangaza kwamba mgeni atakuja kutoka Nairobi kuchagua msichana mmoja, mmoja tu, wa kwenda kusomea uchezaji. Wambui ana miaka kumi na saba na hakuna kitu kingine alichokuwa akikitaka. Wiki moja kabla ya siku hiyo akaniambia mimi babu yake kwa upole, "Guka, nitacheza ya kisasa. Bila viatu." Nikasema sawa (nilisema sawa kwa mdomo). Siku yenyewe ilipofika nikachukua vile viatu vyake, ambavyo riboni zake nilizishona kwa mkono wangu, nikavitia kwenye mfuko wa karatasi. Hilo ndilo kosa. Mengine yote liliyazaa lenyewe.

Ukumbi ulijaa, akina mama wa kanisa wamekuja na leso na mashada ya karatasi za kung'aa ya kuwavisha watoto wakimaliza. Wambui akatoka miguu mitupu, akazunguka mara moja, akaanguka, akalala pale sakafuni huku muziki ukiendelea. Mtu nyuma yangu akacheka, "Haiya, huyu amechoka mapema!" Kicheko hicho kilinichoma, nikaona mtoto wangu anaharibikiwa, nikasimama, na kabla akili haijanifikia miguu ilikuwa imeshapanda ngazi za jukwaa.

Nikaviweka viatu karibu na kichwa chake. "Vaa, mami," nikanong'ona, "hujachelewa."

Hakufumbua macho. "Guka, shuka. Tafadhali shuka."

Sasa, mnajua kanisani kwetu mtoto akiimba vizuri hatungojei amalize, tunapanda kumtunza palepale. Akina mama waliponiona mimi, mzee wa kanisa, niko juu na mfuko mkononi, walijua wakati umefika. Vigelegele vikapasuka, wakapanda wakicheza, huyu na leso, yule na shada, wakamwinua Wambui, wakamvisha, wakamzunguka, na muziki wake ukaishia humo katikati ya vigelegele bila mtu kuusikia. Nilipaza sauti, "Shukeni! Bado hajamaliza!" Mmoja akanijibu, "Tulia, Guka, leo ni siku yako!"

Mgeni alikuwa mwungwana. Nilimwendea nikamwambia kosa ni langu, akakubali Wambui aanze upya. Akaanza. Lakini kila alipogeuka macho yake yalikwenda kwenye ngazi, kuangalia kama kuna mtu anapanda. Alipofika pale pa kulala sakafuni, alisita, akabaki amesimama, halafu akainama kidogo kuaga na kuondoka.

Aliyechaguliwa ni Shiko, aliyecheza ile ya zamani, mguu umenyooka kabisa bila kasoro hata moja. Nilingoja miaka kuona kitu kama kile, na sikuweza kukitazama. Mama Shiko hakunitania. Alinishika bega tu, na hilo liliniumiza zaidi.

Tukitembea kwenda stendi nilimwambia Wambui anisamehe.

"Guka," akasema, "hivyo viatu havinitoshi tangu mwaka jana. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Sikutaka kukwambia, vile unavipenda."

Mimi, mkaguzi, niliyekuwa naona uzi mmoja uliopinda katika jora zima.

Nimeapa kwamba siku atakayonialika tena nitakaa kiti cha mwisho kabisa, mikono mitupu, nimeikalia. Bado hajanialika.