Kitambaa cha Birika

Mtaani kwetu Bagamoyo wapo wasemao hadi leo kwamba mimi ndimi niliyeanzisha ziara uani kwangu. Sikuanzisha ziara. Nilifunika birika, na naomba jambo hili lieleweke kama lilivyokuwa.

Birika lilijengwa kwa mawe na chokaa, likipokea maji ya mvua kutoka juu ya nyumba kwa mlizamu wa mti. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa tumbo. Maji ya visima vya mji, kwa chumvi yake, yalimtapisha. Ya birika tu ndiyo yaliyokaa. Masika yalikuwa yamekwisha, na mpaka vuli hatukuwa na mengine.

Nami nilikuwa nimekwisha kuacha ukarani wa forodha, na nafasi ya kuangalia mambo ya nyumbani ninayo. Nilipochungulia nikaona majani ya mkungu yanaoza, na viluwiluwi vya mbu vinachezacheza. Nikayachuja maji yote, kisha nikakata kitambaa cha merikani, kipya, cheupe, nikaufunga mdomo wa birika kwa kamba ya usumba, ukakaza kama ngoma.

Kila mtu wa pwani ajua kuwa kitambaa cheupe hufungwa penye kaburi la walii, na mwenye nadhiri. Lakini nani angedhani birika ni kaburi?

Kwanza nilikuta ubani unafuka kando ya birika. Kisha akaja jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo, na mwenziwe.

"Hodi, Bwana Karani! Tumekuja kumzuru mzee wako."

"Mzee yupi?"

"Huyo uliyemvika nguo."

"Bibi, hilo ni birika. Ndani mna maji."

"Naam, kila walii na karama yake. Wako ana maji."

"Nimelifunika kwa sababu ya mbu!"

Akamgeukia mwenziwe. "Wamsikia? Wenye siri ndivyo walivyo."

Wakamwaga marashi, wakaweka halua. Halua ikaita nzi na sisimizi, kitambaa kikalegea, vyote vikazama. Nilipokiondoa, mtaa mzima ukalia kwamba nimemvua nguo mzee wa watu; kesho yake nikakuta vitambaa vitatu, kimojawapo chekundu, kinachuja rangi majini.

Nikamwita mwalimu wa msikitini. Akaja, akawakemea vikali, akaeleza kuwa huo ni uzushi katika dini. Alipokuwa akitoka akanishika mkono, akaninong'oneza: "Nitilie kata moja ya maji, bwana. Mke wangu hajambo sana siku hizi, lakini tahadhari si mbaya."

Halafu mtoto wa jirani yule akapona homa. Tangu hapo hapakuwa na neno langu lililosikiwa.

Maji yakawa mekundu, yananuka marashi na uozo. Nikalazimika kumpa mama maji ya kisimani. Akanywa mafunda mawili, akayatapika, akajifuta kwa ncha ya kanga. Wanawake walikuwa uani, tukiwasikia wakisoma dua.

"Wangapi leo?" akauliza.

"Wengi. Nitawafukuza, mama."

"Usiwafukuze, mwanangu. Nenda uwaambie waniombee na mimi."

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na hoja zote, zimepangika. Jirani yule akaniona, akanisogezea nafasi penye mkeka.

"Mama anaomba mmtaje," nikasema.